Kuchukua Silaha kwa Siri: Shauri la Zamiri

Ndugu msomaji, tuweke mfano. Mtu mmoja wa Uvira alikimbia vita pamoja na mke wake na watoto. Walikaa miaka mingi kambini, na mwishowe wakapelekwa Marekani, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, mahali ambapo Wakongo wengi wamekwisha kufika. Mtu huyu si mvivu. Alijifunza lugha, akapata uraia, na sasa anafanya kazi ya usiku katika duka la petroli kando ya barabara kubwa. Siku moja akasikia kwamba mfanyakazi wa duka jingine amepigwa risasi na mwizi, akapona kwa shida. Tangu siku ile, kila mlango unapofunguka saa nane za usiku, moyo wake hupiga kama ngoma.

Rafiki yake, mzaliwa wa kule kule, akamwambia: «Ndugu, nunua bastola. Usinunue kubwa. Nunua ile nyembamba, ya kuvaa chini ya shati. Hakuna atakayeiona, na wewe mwenyewe utaisahau.»

Akarudi nyumbani, akamweleza mke wake. Mke akanyamaza kitambo, kisha akasema: «Baba watoto, bunduki tuliikimbia kule Uvira. Sasa unataka kuilaza nasi nyumbani?»

Basi, nani ana haki, rafiki au mke? Wengine watajibu upesi: mke, kwa kuwa silaha ni kitu kibaya. Wengine watajibu upesi vilevile: rafiki, kwa kuwa kila mtu ana haki ya kulinda roho yake. Sisi twende polepole. Maana ndani ya maneno ya rafiki kuna neno moja dogo ambalo ni fundo la jambo lote: «utaisahau». Tutalirudia.

1. Sheria ya kule

Huku kwetu, raia akionekana na bastola chini ya nguo, watu huuliza mara moja: je, huyu ni askari, ama ni mwizi? Kule Marekani mambo ni mengine. Tangu mwaka 1791 katiba yao inataja haki ya watu kuwa na silaha. Lakini juu ya kuificha silaha mawazo yao yamegeuka mara nyingi, na jimbo lile lile la Kentucky ni shahidi mzuri.

Mwaka 1813 watunga sheria wa Kentucky walikataza mtu asiye safarini kuchukua kwa siri bastola ya mfukoni, jambia, au upanga uliofichwa ndani ya fimbo. Mwaka 1822 mahakama ya jimbo ikaivunja sheria hiyo, katika shauri la mtu aliyekamatwa na upanga ndani ya fimbo yake. Mwaka 1850 wakaandika katiba mpya, iliyowapa watunga sheria uwezo wa kukataza tena. Mwaka 1996 wakakubali kutoa vibali. Na tangu mwaka 2019 mtu mwenye miaka 21, asiye na kizuizi cha sheria, hahitaji kibali tena. Majimbo zaidi ya ishirini na matano yana desturi hiyo leo. Tena, mwaka 2022, Mahakama Kuu ya nchi nzima iliivunja sheria ya New York iliyomtaka mtu aonyeshe sababu ya pekee kabla ya kupewa kibali.

Kwa hiyo mtu wetu haulizi kama sheria inamruhusu. Inamruhusu. Lakini kila mtu mwenye akili anajua kwamba ruhusa ya sheria ni mlango tu. Hakimu anasema, «Unaweza kupita.» Hasemi, «Yafaa upite.» Hilo la pili ni kazi ya zamiri.

2. Chombo chenyewe

Bastola ndogo ya kuficha si kitu kipya. Katika karne ya 19 fundi mmoja wa Philadelphia, jina lake Henry Deringer, alitengeneza bastola fupi sana, za kuingia mfukoni. Tarehe 14 Aprili 1865 John Wilkes Booth aliingia katika nyumba ya michezo huko Washington akiwa na bastola ya namna hiyo, akampiga Rais Abraham Lincoln kwa nyuma. Lincoln, mzaliwa wa Kentucky, alikufa kesho yake asubuhi. Chombo kile kilitengenezwa kisionekane.

Baadaye akaja fundi mkubwa kuwapita wengine, John Browning, mtu wa jimbo la Utah. Yeye alifanya kazi na kiwanda cha Herstal, karibu na Liège, huko Ubelgiji. Mwaka 1906 kiwanda hicho kilianza kuuza bastola yake ya mfukoni, yenye risasi sita ndogo, na uzito wa gramu 350 hivi. Watu wengi wa Ulaya waliinunua. Bastola nyingine ya Browning, nayo nyembamba, iliyotoka kiwandani mwaka 1910, ndiyo iliyotumiwa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, na mauaji yale yakawasha vita kuu ya kwanza. Browning mwenyewe alifia pale pale Herstal, mwaka 1926, akiwa bado kazini.

Simulizi hizi hazionyeshi kwamba kila mwenye bastola ndogo ni muuaji. Hapana. Maelfu na maelfu waliziweka mfukoni na hawakumdhuru mtu. Zinaonyesha jambo moja tu: chombo kinachomficha mwema kinamficha mbaya vilevile. Chombo hakichagui.

Siku hizi mafundi wamekwenda mbele sana. Glock 43, iliyotoka mwaka 2015, inachukua risasi sita katika kisanduku chake. SIG Sauer P365, iliyotoka mwaka 2018, inachukua kumi, na kumbe unene wake ni sentimita mbili na nusu hivi tu, na uzito wake ni kama nusu kilo bila risasi. Risasi zake ni zile zile za milimita 9 ambazo askari wengi wa dunia wanazitumia. Mtu akiivaa kiunoni, shati likashuka juu yake, hata aliyekaa naye meza moja hatajua.

3. Uzuri wa wembamba una bei yake

Tumsikilize kwanza mwuzaji wa haki, maana wapo. Atamwambia mtu wetu: «Bwana, bastola nyembamba ni rahisi kuvaa, lakini si rahisi kupiga.» Kwa sababu gani? Mtutu wake ni mfupi, na alama mbili za kulenga zimekaribiana. Hivyo kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa kule risasi inakokwenda. Tena, kwa kuwa ni nyepesi, inapiga teke kwa nguvu, na mkono unaruka. Mpini wake ni mfupi, na mwenye mkono mkubwa anakuta kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Risasi zake ni chache kuliko za bastola kubwa ya askari polisi, inayoweza kuchukua kumi na tano au zaidi. Kila unachopunguza kiunoni, unakilipa mkononi.

Kwa hiyo walimu wa kazi hiyo wanashauri hivi. Usinunue kwa macho. Shika kadhaa mkononi, na kama yawezekana zipige zote kwanza, kisha chagua ile unayoipiga vizuri, hata kama ni nene kidogo. Nunua pamoja nayo ala ngumu, inayofunika kabisa kifyatulio, ili kitu chochote kisiguse mahali pale. Usiitupe wazi mfukoni, wala ndani ya mfuko wa mkononi pamoja na funguo na leso. Na ukiisha kununua, jizoeze. Si mara moja, lakini mwezi kwa mwezi.

Mtu atasema: mambo haya ni ya ufundi, si ya zamiri. Je, ni kweli? Risasi haina macho. Ile iliyomkosa mwizi haipotei hewani. Inapita kioo, inavuka barabara, inamtafuta mtu mwingine. Mwenye silaha asiyejua kulenga anatumia hatari ya jirani yake kununua raha yake mwenyewe. Basi hapa ustadi wenyewe ni sehemu ya haki. Anayechagua bastola nyembamba kwa sababu haimsumbui shatini, naye hataki taabu ya kujizoeza, amekwisha kukosa kabla ya kumwona adui yeyote.

4. Je, ni halali kujilinda hivi?

Swali hili ni la zamani. Mtakatifu Augustino, mwishoni mwa karne ya nne, alimwandikia mtu aliyemwuliza mambo ya namna hii, akamwambia kwamba hapendi kumpa raia shauri la kumwua mwingine ili yeye asiuawe, isipokuwa ni askari au mtu wa serikali anayelinda wengine. Aliogopa kwamba mapenzi ya kushika maisha haya yatamgeuza mtu kuwa muuaji.

Miaka mingi baadaye Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliligawanya jambo hili vizuri zaidi. Alifundisha kwamba tendo moja laweza kuzaa matokeo mawili. Anayejilinda anaokoa roho yake; labda pia anamwua aliyemshambulia. Akitaka lile la kwanza, na la pili likaja bila yeye kulitafuta, hana hatia, ikiwa tu nguvu aliyoitumia haikupita kipimo. Lakini raia akitafuta lile la pili, yaani kumwua mtu, anakosa. Akiweza kujiponya kwa nguvu ndogo naye akatumia kubwa, anakosa vilevile.

Tazama basi mzigo wa mwenye bastola. Mwenye fimbo ana vipimo vingi: anaweza kutisha, kupiga mkono, kupiga mguu, kusukuma. Mwenye bastola ana kipimo kimoja tu. Hakuna risasi ya kugombeza. Na anayo dakika moja, pengine hata nusu dakika haipo, ya kuamua kama jambo hili limefika kipimo hicho. Mwizi anayetaka fedha za sanduku hajafika. Mlevi anayetukana hajafika. Kijana anayekimbia na chupa ya pombe bila kulipa hajafika. Fedha zinarudi, mtu harudi. Tena mtu mwenye bastola ashike njia ya upole kuliko wengine: asijibu matusi, asishindane na dereva aliyempita vibaya, asinywe pombe akiwa nayo. Hasira hasara, wazee walisema. Na hasara ya huyu haina dawa.

Kwa hiyo tunajibu: ndiyo, yaweza kuwa halali. Lakini ni halali yenye masharti, na masharti yote yanakaa ndani ya akili iliyo macho.

5. Je, kuficha ni kosa?

Kwa nini watu wa mwaka 1813 walichukia silaha iliyofichwa kuliko ile ya wazi? Kwa sababu walifikiri mtu mwema anavaa upanga wake mbele ya watu wote, hivi kila mtu anajua na kujiangalia. Anayeficha, wakasema, anataka kumshika mwenzake ghafula. Leo wengi wa kule wanafikiri kinyume. Wanasema: kuonyesha bastola ndiko kubaya, kunatisha watoto na kuchokoza wagomvi, mwenye adabu anaifunika.

Sisi twaona kwamba kila upande una neno la kweli. Kuficha peke yake si uongo. Mtu anaficha fedha zake, anaficha jeraha lake, wala hatumwiti mwongo. Akifunika silaha ili asimtishe jirani, ni tendo la adabu. Lakini kuficha kuna hatari ya pekee. Silaha ya wazi inachungwa na macho ya watu wote: wanamwogopa mwenye nayo, wanamwangalia, wakimwona anayumba wanamwambia. Silaha iliyofichwa ina mlinzi mmoja tu, ndiye mwenyewe. Alipoifunika, aliwaondolea wengine kazi ya kumwangalia, akaichukua yote juu yake. Basi itakuwaje huyo mlinzi mmoja akisinzia?

6. Neno lile la rafiki

Hapa ndipo tunalirudia neno «utaisahau». Rafiki alilisema kama sifa njema. Ndiyo sifa ambayo bastola nyembamba inanunuliwa kwayo: haichomi kiuno, haivuti suruali, mtu anakaa nayo kutwa kama hana kitu. Na sisi tunasema: ndiyo hatari yake kubwa.

Si maneno matupu. Mwaka 2023 wapekuzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikuta bunduki na bastola 6,737 ndani ya mizigo ya wasafiri waliotaka kuingia nayo ndegeni, na zaidi ya tisini katika kila mia zilikuwa na risasi ndani. Wengi wa wasafiri hao hawakuwa wahalifu. Walipoulizwa walijibu neno moja: nilisahau. Fikiri sana, msomaji. Mtu anasahau funguo, anasahau mwavuli. Lakini huyu amesahau kwamba anacho mkononi kifo cha mtu.

Imekwisha kutokea kule kwamba mama kijana, mwenye kibali na mwenye kujua silaha, aliingia dukani na mtoto wake wa miaka miwili. Bastola ilikuwa ndani ya mfuko wake. Akageuza macho kidogo kutazama bidhaa; mtoto akatia mkono; mama akafa pale pale. Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Kuna kitambo kidogo tu cha kusahau.

Tena, bastola ikiingia nyumbani, inakaa na watu wote wa nyumba, na siku zao zote, hata siku za giza. Mwaka 2022 watu 48,000 hivi walikufa kwa risasi katika Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Mtu anapoinunua anamfikiria mwizi wa usiku. Hamfikirii kijana wake aliyevunjika moyo, wala yeye mwenyewe siku atakapofiwa. Kumbe hao ndio watakaolala karibu nayo kuliko mwizi. Sanduku lenye kufuli imara, na mkono usiochoka kulifunga kila usiku, ni deni la haki kwa watu wa nyumbani. Na siku moyo wa mmoja wao unapoingia giza, silaha itoke kabisa katika nyumba ile.

Lakini rafiki ana jibu, na ni jibu la akili. Anasema: «Bastola kubwa inachosha. Mwenye nayo ataiacha nyumbani au ndani ya gari, na huko wezi wataiiba. Afadhali nyepesi iliyo mwilini.» Ni kweli. Hatumshauri mtu ajifunge chuma kizito kiunoni kama toba. Tunasema hivi: uzito ulioutoa kiunoni usiupoteze, uuhamishe moyoni. Chombo kiwe chepesi kama unavyotaka, lakini kukumbuka kuwe kuzito. Kila asubuhi unapoivaa, jiulize: leo nina akili timamu? Nina hasira na mtu? Nitakwenda mahali pa pombe? Sijajizoeza tangu lini? Ukikosa jibu jema, iache ndani ya kufuli. Na kama huwezi kuchukua taabu hii kila siku, mwaka kwa mwaka, basi uzuri wote wa wembamba wake ni mtego kwako. Anayetafuta silaha ya kusahau, huyo ndiye asiyefaa kuwa nayo.

7. Turudi Louisville

Mtu wetu afanyeje? Kwanza amwulize mwenye duka, maana mwenye duka anaweza kukataza wafanyakazi wake kuchukua silaha, na kumficha bwana wako si sawa na kumficha mwizi. Pamoja naye atazame yale yanayolinda pasipo damu: taa kali nje, kioo kisichojaa matangazo ili barabara ione ndani, fedha chache katika sanduku, mtu wa pili zamu ya usiku, na shauri lililokatwa mapema: mwizi akitaka fedha, apewe. Mengi ya mambo haya yatatuliza moyo wake kuliko chuma.

Kisha akae na mke wake. Mke hakusema maneno ya woga. Yeye ameona kule Uvira jinsi bunduki inavyomgeuza mtoto wa jirani kuwa bwana mkubwa kwa siku moja. Anajua jambo ambalo rafiki wa Louisville hakulijua: kwamba silaha haikai kimya pembeni ikingoja amri; inamfundisha mwenye nayo namna mpya ya kutazama watu. Mume amwulize: «Mama watoto, ukiniona nimegeuka, utaniambia?» Naye aahidi kumsikia siku hiyo. Hivyo silaha iliyofichwa machoni pa watu wote itakuwa na mlinzi wa pili.

Ikiwa baada ya hayo yote bado anaona hatari ni ya kweli, na mwenye duka amekubali, na mke amekubali, na yeye yuko tayari kujifunza na kujizoeza, hatutamhukumu. Aende, achague ile ambayo mkono wake unaitawala. Na mwuzaji atakapoiweka mkononi mwake na kuisifu, «Tazama, haina uzito wowote,» akumbuke methali ya wazee: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa mwuzaji ni nyepesi kweli. Yeye hataivaa saa nane za usiku, mlango unapofunguka.